Kadi ya duka la jumla tupewe sie wenye maduka, sio kila nyumba

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu ndugu yetu wa Unguja aliyeandika kwamba Zanzibar nayo sasa inahitaji duka kubwa la jumla la uwanachama, yale ya Marekani unalipa ada kwa mwaka unapewa kadi yenye picha yako, alafu ndio unaruhusiwa kuingia ukanunua kwa bei ya chini. Nilianza kusoma nacheka, nilipofika katikati nikaona la maana limo, ila kalishika kwa mkia. Na kabla hamjanisema, mie nina duka hapa Wete, Pemba, duka la kawaida tu la mchele, unga, sukari na sabuni, kwahiyo najua wapo watakaosema huyu anatetea tonge lake. Ndio natetea, nani asiyetetea tonge lake? Lakini nisikilizeni kwanza.

Huko Marekani mie sijafika ila dada yangu yuko huko miaka mingi na kila akienda Costco, moja ya hayo maduka ya kadi, ananipigia video, maana anajua mie mtu wa maduka. Ukiliona huwezi kusema ni duka, ni bohari hasa, sakafu ya saruji, juu mabati na mataa, hamna vioo wala mapambo, mzigo uko juu ya mapaleti vile vile ulivyoteremshwa kwenye lori. Kuingia mpaka uoneshe kadi. Karatasi za chooni wanauza roli 30 pakiti moja, mchele kwa gunia, mafuta madumu mawili yamefungwa pamoja huwezi kuchukua moja. Mifuko hawatoi, wenyewe mnajibebea kwenye maboksi matupu ya bidhaa. Na ukishalipa bado hujamaliza, mlango wa kutokea kasimama mzee na kalamu, anaitazama risiti, analitazama toroli, anapiga mstari kwenye karatasi ndio unapita. Siku moja dada alimgeuzia simu yule mzee akanipungia mkono, nikamwambia dada hebu muulize ikitoka bidhaa haijalipiwa yeye anakatwa mshahara? Dada akanikatia simu.

Sasa kwanini bei yao inakuwa chini. Ndugu yetu aliandika ni kwa sababu wananunua vingi, hilo kweli lakini halijatimia. Supamaketi ya kawaida ya Marekani ina aina kama 30,000 za bidhaa, hawa wana kama 4,000 tu. Yaani huchagui tomato za kopo za namna 12, ziko mbili au tatu basi, kwahiyo kwa kila kitu wanachonunua wanakinunua kwa wingi wa kumtisha mwenye kiwanda. La pili, wamejiwekea kikomo cha faida, bidhaa ya kampuni nyengine hawaongezi zaidi ya kama asilimia 14 juu ya bei waliyonunulia na ile yenye jina lao wenyewe, Kirkland, asilimia 15. Mfanyabiashara mwenzangu anayesoma hapa ajiulize kimya kimya yeye anaongeza ngapi, mie sitomuuliza na yeye asiniulize. Na la tatu ndio ada yenyewe. Mwaka wa hesabu wa 2024 ada za kadi peke yake ziliwaingizia dola bilioni 4.8, na faida yao yote ya mwaka huo baada ya kodi ilikuwa kama bilioni 7.4. Kwahiyo mchele wanakuuzia karibu na bei ya mtaji, faida kubwa wameshaichukua kwenye kadi kabla hujagusa toroli. Ndio maana hotidogi na soda wanaiuza dola moja na nusu tangu miaka ya 80 mpaka leo haijapanda, ile ni ya kukuleta tu.

Tuilete hesabu hiyo nyumbani. Kadi yao ya chini saivi ni dola 65 kwa mwaka, walipandisha Septemba 2024. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya laki na nusu. Kima cha chini cha mshahara wa serikali Zanzibar kilichotangazwa 2022 kilikuwa shilingi 347,000. Yaani mtumishi wa mshahara huo atoe karibu nusu ya mwezi wake kwa ruhusa ya kuingia mlangoni, kabla hajanunua hata kiberiti. Ipo na kadi kubwa ya dola 130 ambayo inakurudishia asilimia 2 ya manunuzi, watu wanaisifu sana, ila piga hesabu mwenyewe, ile ziada ya 65 hairudi mpaka umenunua vitu vya dola 3,250 kwa mwaka. Nitajie nyumba ngapi Wete zinanunua chakula cha dola 3,250 kwa mwaka. Mtasema kwetu ada itakuwa ndogo. Sawa, iwe elfu ishirini. Bado tatizo liko pale pale na tatizo sio ada.

Njooni dukani kwangu baada ya laasiri mkae kwenye lile benchi. Anakuja mtoto na chupa ya maji tupu, kizibo chake kimepotea zamani, ametumwa mafuta ya kula ya mia tano. Nachota kwenye dumu, naweka mrija, namimina, na mtoto hatoi macho pale mpaka tone la mwisho limeanguka, na akiona nimeondoa mrija mapema anasema Ami bado. Amefundishwa na mamake na kafundishwa vizuri. Alafu anataka sukari robo, mchele kilo na nusu, majani ya chai pakiti ya chini kabisa. Alafu ndio linakuja lile neno, Ami mama kasema uandike. Nafungua daftari naandika. Hiyo ndio Wete. Huyo mama sio kwamba hajui kuwa polo zima, yaani gunia, ni rahisi kuliko kilo kilo, anajua kuliko mie na kuliko ndugu yetu wa Unguja, hana tu pesa ya polo siku moja. Pesa yake inakuja kidogo kidogo na inatoka kidogo kidogo. Duka la kadi litamwandikia nani kwenye daftari?

Na Pemba pesa ina msimu wake. Karafuu zikichumwa zikaanikwa na kupelekwa kuuzwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, utaona watu wale wale wanakuja kulipa daftari na wanachukua polo la mchele, dumu zima la mafuta, na bati za nyumba juu. Miezi hiyo hata mie naona raha kufungua duka. Msimu ukiwa mbovu, maana karafuu haizai sawa kila mwaka, tunarudi kwenye robo na kilo. Kadi ya mwaka mzima unalipa mwezi gani hapo? Ukilipa wakati wa mchumo utaitumia miezi mitatu, iliyobaki inalala kwenye sanduku na cheti cha kuzaliwa.

Mambo ya friza na gari siyasemi sana, kila mtu anayaona. Kule mtu anaenda na gari lake anajaza nyuma, anafika nyumbani ana friza kubwa kama kabati anapanga nyama ya mwezi. Sie tukinunua kuku kumi kwa pamoja umeme ukakatika siku mbili tunaita majirani tule wote, ambayo ni sadaka nzuri lakini sio kubana matumizi.

Hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika, na naomba ndugu yetu wa Unguja asome vizuri kipande hichi. Hii biashara haikuanzishwa kwa ajili ya nyumba. Aliyeianzisha Marekani ni mzee mmoja akiitwa Sol Price, mwaka 1976, mji wa San Diego, kwenye jengo lililokuwa banda la ndege, akaliita Price Club. Na kadi yake ya mwanzo ya dola 25 aliwauzia wenye biashara ndogo ndogo, wenye maduka na mikahawa, watu ambao kiwanda hakiwezi kuwauzia moja kwa moja kwa sababu mzigo wao mdogo. Yaani watu kama mie. Baadae ndio akafungua mlango kwa makundi ya wafanyakazi na kina nani wengine. Costco wenyewe walikuja 1983 kule Seattle, mwaka ule ule Walmart wakafungua Sam's Club yao, na 1993 Price Club na Costco wakaungana. Hata Ulaya kabla ya hapo, Metro ya Ujerumani mwaka 1964 na Makro ya Uholanzi 1968, kadi ilikuwa ya mfanyabiashara. Mwenye nyumba alikwenda duka la mtaani kwake kama kawaida, ila duka hilo sasa lilikuwa limepata pa kununua kwa bei ya haki.

Sasa nikuelezeni polo la mchele wa mapembe linavyofika Wete. Muagizaji yuko Unguja, mzigo wake unashuka bandarini Malindi. Anamuuzia mtu wa jumla mkubwa, huyo anamuuzia wa jumla mdogo. Mie nikitaka mzigo ama nipande boti niende mwenyewe Darajani na Mlandege nizunguke maduka, ama nipige simu nitumiwe kwa kuaminiana. Ukitoka pale kuna gari ya mpaka bandarini, wachukuzi wa kupakia, nauli ya chombo, wachukuzi wa kushusha Mkoani, alafu gari kutoka Mkoani mpaka Wete ambayo ni karibu kukata kisiwa kizima. Njiani polo moja likirowa na maji ya bahari hakuna wa kumuuliza, mwenye chombo anasema lilipakiwa limerowa na aliyepakia anasema lilikuwa kavu. Tuseme kwa muagizaji polo ni 100, sio bei ya kweli, nasema 100 mpate hesabu. Mpaka linafika mlangoni kwangu liko 125 au 130, na mie sijaweka langu. Mama wa robo analipa zote hizo, na anayelaumiwa ni mie kwa sababu uso anaouona ni wangu.

Na katika njia yote hiyo hakuna sehemu hata moja iliyoandikwa bei. Hichi ndicho kinachoniuma kuliko nauli. Unaingia duka la jumla unauliza sukari bei gani, anakutazama kwanza. Anakutazama kanzu, anakusikiliza lafudhi kama umetoka Pemba leo na boti unarudi kesho kwahiyo huna wakati wa kuzunguka, alafu ndio anataja. Ukitoka ukaingia mwenzako anatajiwa nyengine. Asubuhi bei hii, baada ya adhuhuri imepanda kwa sababu dola imepanda, na dola ikishuka hatusikii. Karibu na Ramadhani Wizara inatangaza bei elekezi, wakaguzi wanapita kwetu wa rejareja wanauliza mbona unauza hivi, unawaonesha uliyonunulia, kama risiti unayo maana wengine hawatoi risiti ya kweli, wanakuandikia kikaratasi kina jumla tu chini. Yule wa juu kabisa sijui kama anaulizwa kama tunavyoulizwa sie.

Kwahiyo fikra yangu ni hii. Badala ya kadi kwa kila nyumba, liwepo ghala moja Pemba la kadi kwa wenye maduka. Ushirika wetu wenyewe, maduka ya Wete, Chake, Mkoani, Micheweni na vijijini, mwenye leseni ya biashara analipa ada anapata kadi. Sio bidhaa 4,000, hata 40 nyingi. Mchele namna mbili tatu, unga wa ngano, sembe, sukari, mafuta, chumvi, sabuni, maziwa ya unga, majani ya chai, dengu, maharage. Tukiweka pesa zetu pamoja tunanunua kwa muagizaji sio kwa mtu wa tatu, tunapakia chombo kizima sio polo kumi kumi, na nauli ya chombo kizima na ya polo kumi hazifanani hata kidogo. Kikomo cha faida kiandikwe kwenye katiba ya ushirika, kama ni asilimia 5 juu ya gharama iwe 5, na asiyetaka asiingie. Na mzani uwe mmoja wa wazi watu wa vipimo waukague, kwa sababu wapo watu wa polo la kilo 50 ukilipima ni 48 na nusu na mnaelewana kwa macho tu.

Najua nitajibiwa nini. Wazee wetu ukitaja kadi na chakula kwenye sentensi moja wanakunja uso, wanakumbuka foleni za miaka ya sabini unapanga tokea alfajiri kwa mchele wa mgao. Nimemtajia mamangu habari hii akaniambia usinirudishie kadi mie. Nikamwambia Bi Mkubwa hii sio ya mgao, asiyekuwa nayo hakatazwi kula. Akasema hivyo hivyo walianza. Sina jibu la kumshinda mamangu na sitafuti, ila kwa wengine nasema kadi ile ilikuwa kwa sababu mchele haupo, sie tunaongea mchele upo umejaa tele tatizo njia unayopita.

Jibu la pili litakuwa vyama vya ushirika vinakufa, mwekahazina anajenga nyumba. Kweli, vimekufa vingi na nyumba zimejengwa. Lakini Wapemba tumejaza maduka mpaka Kariakoo ya Dar es Salaam na kila mji wa bara ukienda unaambiwa nenda duka la Mpemba, na wengi wao wameanza kwa ndugu watatu wanne kuchanga mtaji bila karatasi yoyote. Kinachofanyika kule bila karatasi hapa kwetu na karatasi kinashindikana kwa sababu gani? Mtaji wa kuanzia kuna mikopo ya ZEEA, wakala wa serikali wa kuwezesha wananchi kiuchumi, kuna akiba zetu, kuna na wale waliopo nje kama dada yangu ambao kila mwezi wanatuma pesa ya kula, mmoja mmoja wao akiombwa aweke hisa badala ya kutuma tu sidhani atakataa. Dada mie nishamuuliza, akasema mpaka aone hesabu. Na yeye ndio wale wale, kakaa na yule mzee wa kalamu mpaka kamuambukiza.

Jibu la tatu ndio gumu na nalisema mwenyewe kabla halijasemwa, kwamba wenye maduka tukipata bei ndogo tutaitia mfukoni, mama wa robo atauziwa vile vile. Wapo watakaofanya hivyo. Dawa yake ni ubao. Lile ghala liwe na ubao wa bei, polo la mchele bei gani leo, dumu la mafuta bei gani, na ubao huo usiwekwe ndani kwa wenye kadi, uwekwe nje ukutani barabarani asome kila mpita njia, mwenye kadi na asiye nayo, na mtoto wa skuli apige picha amtumie mamake. Mama akishajua mie polo nimelichukua kwa kiasi gani akagawa kwa 50, atakuja dukani na kilo yake ya hesabu mkononi, na mie nitapunguza kwa sababu jirani yangu wa upande wa pili wa barabara atapunguza. Wenzangu baadhi hapa Wete niliwaambia hili la ubao nje wakanyamaza wakaagiza chai. Wanaliogopa zaidi ya ada na hapo ndipo nilipojua kuwa hilo ndilo la kushikilia.

Mwenye mshahara wa kila mwezi anayetaka kununua polo lake zima hatunyimi. Walimu wa skuli moja hapa karibu wanachanga watu watano wanachukua polo la mchele na dumu la mafuta wanagawana, mie mwenyewe nawauzia kwa bei ya polo na nawakopesha mzani. Hao hawahitaji kadi wala bohari. Wanahitaji kuaminiana na mtu mwenye gari.

Na ombi langu kwako Mhariri. Kabla ghala halijajengwa, gazeti lako linaweza kuanza. Wiki mara moja tuwekee kijisanduku kidogo, polo la mchele wa mapembe, polo la sukari, polo la unga wa ngano, dumu la lita 20, bei ya jumla ya Darajani, ya Chake na ya Wete, tatu pembeni pembeni. Bei za Wete nitakutafutia mie bure kila Alkhamisi, nitapita maduka ya jumla yote nikuandikie na yangu ya rejareja niweke chini yake.

Mwenye duka,
Wete, Pemba